Shingo ya Fundi Kanzu

Shingo yangu ilifunga nikiwa kazini, mchana kweupe, kola ya kanzu iko chini ya sindano na mteja amesimama nyuma yangu ananisalimia. Nikataka kugeuka nimwitikie. Kichwa kikagoma. Nasema kikagoma kwa maana ile ile ya gari kugoma: nimekiamuru, hakikwenda. Ikabidi niinuke, nigeuke mwili mzima, miguu na yote, kama mtu anayegeuza kabati, ndipo nikamwona yule mteja usoni. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Mimi sikuwa na mzaha.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na karibu nusu yake nimeiinamia cherehani. Nashona kanzu Kariakoo, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na sifa yangu ni kola, ile darizi nyembamba ya shingoni ambayo watu wa mjini hawaivai kama haijakaa sawa. Ukishona darizi ya namna hiyo huwezi kukaa kiungwana. Pua inataka kugusa kitambaa. Bega la kushoto linapanda na kubaki huko juu, kichwa kinatangulia mbele, na jioni ukiinuka unasikia mwili wote unakulalamikia. Unapiga miayo, unajinyoosha, basi, yamekwisha. Nilidhani mafundi wote ndivyo wanavyoumia na ndivyo watakavyozeeka.

Cherehani haikuwa yangu. Ilikuwa ya bosi, mzee wa Kihindi mwenye duka, anayeishi Upanga na ambaye Kiswahili chake cha Kariakoo kilinizidi hata mimi. Hakuwa mtu mbaya. Kesho yake alikuja kusimama mbele yangu, maana nyuma nisingemwona, akanitazama nilivyokunja uso, akasema, "Fundi, mimi nakusubiri. Lakini Ramadhani haikusubiri. Ikiingia na wewe huwezi kukaa hapa, kiti hiki namkalisha mwingine, maana watu watataka kanzu za Idi kwa mkupuo." Nikamwambia bosi usihofu, nitapona. Nilipokwisha kusema nikaingiwa na hofu mimi, kwa sababu huyo mwingine nilikuwa namjua. Alikuwa ameshaanza kupitapita pale kibarazani akisalimia watu kwa upole usio wa kawaida. Kiti cha Kariakoo hakikai wazi, na nyumbani Magomeni nilikuwa na mama yangu, mjane, ambaye kila alichokula kilitoka kwenye kile kiti.

"Mishipa imepandana hiyo," alisema fundi mwenzangu, jamaa wa suruali anayekaa kiti cha pili. Bwana huyu ana jibu la kila kitu. "Twende kwa kinyozi, kaka. Sasa hivi tu uko fresh."

Wanaume wa mjini wanajua ninachosema. Kinyozi akimaliza kukunyoa hakuachii uondoke hivi hivi. Anakupaka spiriti, anakuminya mabega kwa dole gumba, anakugongagonga kichwani, kisha anashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine. Anakubembeleza, "legeza, kaka, legeza," halafu ghafla anakizungusha. Shingo inalia, ka. Anahamia upande wa pili, ka tena. Wapo wanaoketi kwenye kile kiti na upara wao, hawana hata unywele wa kunyoa, wamefuata ule mlio tu. Mimi mwenyewe nilikuwa mpenzi wa ule mlio miaka yote.

Siku hiyo alinishika kidevu, nikalegea. Akazungusha. Mlio ukaja, mzuri tu, na papo hapo taa ya saluni ikawa mbili. Vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi. Kioo kilichokuwa mbele yangu kikaanza kupanda kuelekea darini. Nilimsikia kinyozi akisema, "Umeisikia? Hiyo ndiyo ilikuwa inakusumbua," na watu wa kwenye benchi wanacheka, na mimi nataka kumjibu, ulimi mzito. Hali ile ilikaa kidogo ikapita. Niliteremka kwenye kiti nimeshika ukuta, jasho linanitiririka mgongoni, na shingo imekaza kuliko nilivyoingia nayo. Fundi mwenzangu aliacha kucheka aliponiona uso.

Asubuhi yake nikaenda hospitali, huko upande wa Upanga. Daktari wa kwanza alinikagua kwa muda mrefu, akanipeleka kupiga picha, na alipoona hakuna kilichovunjika wala kuchanika akanituma kwa dada mmoja wa fiziotherapia, kijana mdogo, mpole, lakini ana maswali kama mpelelezi. Nilipomweleza habari ya kinyozi aliweka kalamu chini. Akaniambia nifuate kidole chake kwa macho. Akaniambia nitembee juu ya mstari wa vigae. Nilipomaliza akavuta kiti karibu.

"Kaka yangu," alisema, "shingoni mwako kuna mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo. Mtu akiizungusha shingo kwa nguvu namna ile, mshipa unaweza kuchanika, ukapooza palepale kwenye kiti. Sikutishi. Safari hii umepona. Usirudie."

Nilimtazama nikidhani atacheka. Hakucheka. Nikawafikiria wanaume wote ninaowajua, marafiki zangu, marehemu baba yangu na ndevu zake, kila Ijumaa kabla ya sala tunakwenda kumkabidhi mtu vichwa vyetu avizungushe, tena tunamshukuru.

Hakuishia hapo. Akaomba simu yangu. Akaniambia, "Kaa kama unavyokaa kwenye cherehani, usijitengeneze," akanipiga picha ya ubavuni, akanirudishia simu nijione. Jamani. Mimi ni mtu ninayejipenda, nasema ukweli. Navaa vizuri, najitazama kila kioo ninachopita. Lakini kioo hakikuonyeshi ubavu. Kwenye ile picha palikuwa na mzee fulani, kichwa kimetoka mbele ya mwili kama cha kobe, mgongo wa juu umefanya kibyongo, mabega yamekunjwa kama mtu anayesikia baridi. Nilimuuliza yule dada huyu ni nani. Nilimaanisha kabisa.

"Ni wewe," akasema. "Na mishipa haijapandana. Ni misuli. Umeilazimisha miaka mingi kushikilia kichwa ambacho hakiko mahali pake, sasa imekakamaa, haijui tena kulegea."

Kisha akanilaza kifudifudi na kuanza kazi. Hakuzungusha kitu, hakuvunja kitu. Alitafuta kwa vidole, polepole, akafika juu ya bega la kushoto, akakuta kinundu nisichowahi kukijua, akakibonyeza na kukaa nacho. Maumivu hayakuuma pale. Yaliuma kwenye panja, juu ya jicho, pale pale panapouma kila jioni. Miaka yote nimemeza vidonge vya kichwa, nimebadilisha miwani, kumbe kichwa hakina kosa, ni bega. Nikauliza imekuwaje bega liumie machoni, naye akasema misuli ina tabia hiyo, inaumia huku na kulia kule. Aliendelea kubonyeza mpaka kile kinundu kikaanza kulainika chini ya kidole chake, na mimi nikawa nalia machozi bila kujua ni ya maumivu au ya nini.

Akanipa masharti. Meza ya cherehani iinuliwe. Niinuke kila nikimaliza kola. Nivute kidevu nyuma mpaka nijitengenezee kidevu cha pili, nikae hivyo kidogo, nirudie. Nirudi kwake kila wiki. Na nyumbani, jioni, apatikane mtu wa kunikanda kwa kitambaa cha moto na mafuta, taratibu, kwenye nyama tu, asiguse mfupa.

"Nyumbani kuna nani?" aliuliza.

"Mama."

"Basi mikono ya mama inatosha."

Nilirudi Magomeni nimefurahi. Tunapanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Kiswahili, korido katikati, milango huku na huku, kuta zisizofika juu, kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia afya kutoka kitandani kwako. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchicha. Nikamweleza yote, nikamwonyesha picha akasikitika, nikamwambia daktari amesema wewe ndiye utakayenikanda.

"Mimi hapana," alisema mama.

Nilidhani hajanielewa. Nikarudia. Akasema, "Nimekusikia. Mikono yangu haifai kwa shingo za watu," akachukua mchicha wake akatoka uani.

Sijui nieleze vipi nilivyoshtuka. Mama yangu hajawahi kunikatalia jambo la mwili wangu. Homa zangu zote amekesha nazo. Nikiwa mtu mzima na ndevu zangu nilivunjika mkono, akaniogesha bila kunisimanga. Sasa naomba kukandwa bega na ananiambia mikono haifai? Hasira ikanipanda. Mimi hasira zangu ni za kununa, basi nikanuna. Nikanunua mpira mdogo wa tenisi, nikawa nauweka kati ya bega na ukuta na kujisugua nao kila jioni, makusudi pale korido anaponiona. Aliniona. Akapita na ndoo yake.

Nikienda kwa yule dada napata nafuu, nikirudi inakaza. Kidevu sasa kiliweza kugeuka nusu ya njia ya kuelekea begani, lakini nikiinamia kola kidogo tu bega linapanda na jicho linaanza. Bosi aliniruhusu nije kukaa bure kibarazani, nikawa naangalia wengine wanashona. Yule jamaa mpole alikuwa ameshaacha kusalimia. Siku hizi alikuwa anakaa kwenye kiti changu, kwa muda tu, alisema, mpaka nitakapopona. Shaaban ilikuwa inakatika.

Jioni moja nilikuwa korido na mpira wangu. Mpangaji wa chumba cha jirani, dada anayesukuma chapati za kuuza, alikuwa amekaa mlangoni kwake na unga wake. Mama alikuwa kwenye mkeka na ungo, anachagua mchele.

"Wewe unajitesa bure," aliniambia yule mpangaji. "Hospitali sawa, sikatai. Lakini shingo iliyofunga namna hiyo hushikwa na mama pacha."

Nilishaisikia habari hiyo utotoni, kama kila mtu. Mwanamke aliyezaa pacha, wanasema, mikono yake ina kitu, na shingo iliyoshtuka au kiuno kilichokaza akikikanda yeye kinafunguka. Sikuwa naiamini wala kuikataa. Lakini mtu anayemwona mwenzake amekalia kiti chake anaamini vitu vingi.

"Ilala yuko mmoja," aliendelea mpangaji. "Pacha wake ndiyo kwanza wanatambaa. Kesho nikupeleke."

"Twende," nikasema.

"Haendi," alisema mama.

Tukamgeukia wote wawili, mimi kwa mwili mzima. Mama alikuwa ameshika ungo, hatutazami.

Hapo uvumilivu ukaniishia. "Wewe mwenyewe hutaki kunikanda, na kwa mwingine hutaki niende? Kiti kinaondoka, mama. Kimeshaondoka nusu. Wiki ijayo ni Ramadhani. Unataka nikae hapa na huu mpira mpaka tufe njaa?" Sijawahi kusema na mama kwa sauti ile. Mpangaji akainamisha macho kwenye unga wake, akakusanya vyombo, akaingia ndani.

Mama aliweka ungo chini. "Ingia chumbani," alisema. "Vua shati."

Alinikalisha kwenye kigoda, yeye akakaa kitandani nyuma yangu. Alichovya kipande cha kanga kwenye maji ya moto, akakikamua, akakilaza mabegani kwangu mpaka joto likazama. Kisha akachukua mafuta ya nazi yaliyopashwa, akasugua viganja, akanishika.

Nilidhani atapapasa kama mtu anayejaribu. Hakupapasa. Dole gumba liliteremka kutoka kisogoni kufuata msuli, likasimama penye kile kinundu bila kutafuta, likakilalia. Kiganja kingine kililishika bega na kulivuta chini polepole, kikalisubiri, kikalivuta tena. Mfupa hakuugusa. Mikono ile haikuwa inajifunza.

"Umejifunza wapi?" nilimuuliza.

"Ilala. Kabla hatujahamia huku."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Watu walikuwa wanakuja tu, mikono ikazoea."

"Sasa waje kwako kwa sababu gani?"

Akaendelea kukanda. Nilisikia pumzi yake kisogoni. Halafu akasema, kwa sauti ile ile anayosemea kwamba chumvi imekwisha, "Kwa sababu na mimi ni mama pacha."

Nilitaka kugeuka. Shingo haikuniruhusu, na mikono yake ilinikandamiza nikae. "Pacha wa nani?" niliuliza. Swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Wewe."

Niliitazama neti ya dirishani iliyokuwa mbele yangu, nikaona ina vumbi, nikaona imechanika pembeni. Sikuwa na wazo jingine lolote kichwani. Mama akaongea akiwa nyuma yangu, na nadhani aliweza kuongea kwa sababu sikuwa namwona.

Tulizaliwa wawili, alisema. Mwenzangu alikaa mpaka tulipoanza kuota meno, homa ikamchukua ndani ya usiku mmoja. "Watu hata hawajamaliza kuja kunipa pole," alisema, "wengine wameshaanza kuja na shingo zao. Mama pacha, nimelala vibaya. Mama pacha, kiuno. Hawakuwa na ubaya. Kwao nilikuwa nimezaa pacha, imekwisha, mikono ni ile ile. Unamkanda mtu, anafunguka, anafurahi, anakwambia, haya, watoe basi hao pacha tuwaone. Unamtolea mmoja." Alitia mafuta mengine mkononi. "Nikamwambia baba yako tuhame. Huku Magomeni hakuna aliyenijua. Nikasema hapa nitakuwa mama wa mtoto mmoja, na shingo ya mtu sitaishika tena."

Sikumuuliza jina, sikuuliza kaburi liko wapi. Nilishindwa. Nilikuwa nimeishi umri wote huu nikijibu watu kwamba mimi ni wa peke yangu, hata kwa kujisifu. Nilichoweza ni kumfikiria mwanamume mmoja, kipande cha mtu kama mimi, mwenye ndevu kama zangu, amekaa kwenye kiti cha tatu pale kibarazani.

Upande wa pili wa ukuta, mti wa kusukumia chapati ulikuwa kimya. Sijui ulinyamaza tangu lini.

Mama alinikanda kila alasiri baada ya hapo, na kuhusu lile jambo hatukuongea tena. Nilinyanyua meza ya cherehani kwa matofali. Nilivuta kidevu nyuma mpaka fundi mwenzangu akaniita mheshimiwa. Yule dada wa hospitali aliponishika bega alisema limelainika, anayenikanda nyumbani ana mikono mizuri, nimshukuru. Nikaitikia. Kama ni mikono ya pacha au ni joto na subira na matofali, mimi sijui, na sikuwa na moyo wa kulipima jambo hilo. Shingo ilifunguka, Ramadhani ikiwa bado siku mbili. Bosi alinitazama nikigeuka huku na huku, akamwambia yule jamaa mpole asante, na mimi akaniambia, "Kesho asubuhi."

Hiyo kesho nilikuwa nimeshavaa, tepu ya kupimia iko shingoni, nakunywa chai na mama. Tukasikia hodi. Alikuwa yule mpangaji wa chapati. Amesimama kizingitini kichwa kimelalia bega, mkono mmoja umeshika shingo, macho yana aibu.

"Shikamoo, mama pacha," alisema.

Niliruka nikasimama. Nilimwona mama alivyobadilika uso, nikaona siri yake, ile iliyonirudishia kiti changu, imeshavuka ukuta. "Wewe dada, huna adabu?" nikaanza. "Umesikia ya ukutani halafu unakuja kum..."

"Marahaba," alisema mama. Alinyoosha mkono kunizuia, hanitazami. Alimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu, mpaka yule mwanamke akaanza kurudi nyuma. "Njoo ukae," akamwambia. Na kwangu akasema, "Pasha mafuta."

Nikatoka na sufuria mpaka kwenye jiko la korido. Nilikuwa na hasira, juu ya mpangaji, juu ya kuta zisizofika juu, juu yangu. Niliporudi mlangoni yule dada alikuwa kwenye kigoda, kanga ya moto mabegani, na mama nyuma yake ameshamshika.

"Mmoja alifariki," mama alikuwa anamwambia. "Ulijue hilo kabla hujauliza wako wapi. Wa kike. Ndiye aliyetangulia kutoka."

Wa kike. Siku zote hizo nilikuwa nimemkalisha kibarazani na ndevu.

"Mlimwitaje, mama?" aliuliza mpangaji, taratibu.

Mama akataja jina. Alilitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Yule mwanamke akalirudia polepole, akasema ni jina zuri, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini na sufuria ya mafuta ya moto mkononi, namsikia mpangaji akilitamka jina la dada yangu kabla mimi sijawahi kulitamka.